Imenukuliwa mara 9 tu

SWALI: Makala yangu ya isimu ya Kiswahili imenukuliwa mara 9, ya mwenzangu wa tiba, mara 200. Kamati ya kupandisha vyeo itanionaje?

JIBU: Isiwalinganishe. Tiba ina waandishi wengi na marejeo marefu; isimu ya Kiswahili hunukuliwa sana vitabuni na kwenye tasnifu, ambazo Scopus, hifadhidata ya kuhesabu manukuu, hukosa nyingi. Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma, hunasa baadhi, ila huweza kuhesabu nakala ileile mara mbili. Tena kunukuliwa si kusifiwa: makala ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, iliyofutwa na jarida la tiba la Lancet mwaka 2010, imenukuliwa mno, mara nyingi kwa kupingwa.

Ambatisha makala 3 bora. Chini ya kila moja andika mistari miwili: nani kaitumia, kwa kazi gani. Ulikojinukuu mwenyewe, toa kwenye hesabu kabla kamati haijauliza.