Swali la lugha: "Tuna tatizo" au "tumepata tatizo"?

Swali: Nimeandika uhakiki wa filamu ya mwaka 1995 ya Apollo 13, chombo cha wanaanga kilichopata ajali kikielekea Mwezini. Mhariri amefuta "Houston, tuna tatizo" akaandika "Houston, tumepata tatizo". Tena vitenzi vyangu vingine ameviweka katika -na-, vingine katika -li-. Je, si kitu kimoja?

Jibu: Si kitu kimoja, na filamu za wanaanga zinatudai uangalifu huo, kwa sababu watazamaji wengi huikumbuka historia kwa maneno ya sinema.

Katika filamu, Jim Lovell, kamanda wa chombo, anasema "tuna tatizo" akiongea na Houston, kituo cha Marekani kilichoongoza safari kutoka Duniani. Lakini tarehe 13 Aprili 1970, aliyeanza kuripoti alikuwa mwanaanga mwenzake, Jack Swigert. Houston wakaomba arudie, ndipo Lovell naye akasema na kueleza kwamba umeme umeshuka. Wote wawili walitumia hali timilifu ya Kiingereza ("we've had"), na kwa Kiswahili hiyo ni -me-: jambo limeshatokea, athari yake bado ipo. "Tuna tatizo" hutaja hali tu. Watu hawa walikuwa wametoka kusikia kishindo ndani ya chombo. Walikuwa wanaripoti tukio.

Hata hivyo usiandike "tumekuwa na tatizo", maana msomaji ataelewa kuwa shida ni ya siku nyingi. "Tulikuwa na tatizo" ni mbaya zaidi: shida imekwisha, watu wakalale. "Tumepata tatizo" inatosha, na "tumepatwa na tatizo" ina uzito zaidi kidogo. Neno "hitilafu" ni zuri kwa mitambo, ila hapa ningeliacha. Linatoa sababu mapema mno. Dakika ile hakuna aliyejua kuwa tangi la oksijeni limelipuka. Dakika kama 13 baadaye ndipo Lovell alipochungulia dirishani akaona gesi ikivuja.

Sasa vitenzi. Yanayotendeka kwenye filamu yasimulie kwa -na-, kwa kuwa kila tunapoitazama yanatendeka upya. Yaliyotukia mwaka 1970 ni ya -li-. Chukua sentensi hii: "Mwaka 1970 Lovell aliiambia Houston, 'Tuna tatizo.'" Sarufi yake haina kasoro, lakini kitenzi ni cha historia na nukuu ni ya filamu. Andika "Katika filamu, Lovell anaiambia Houston, 'Tuna tatizo'", kisha, ukitaka, ongeza kilichosemwa kweli.

Kanuni hiyohiyo itakusaidia kwa Gene Kranz, aliyeongoza kikosi cha Houston. Katika filamu anawaambia wenzake kwamba kushindwa hakukubaliki. Maneno hayo yalitungwa na waandishi wa filamu. Baadaye Kranz mwenyewe aliyafanya jina la kitabu chake, na ndiyo maana wengi huamini aliyasema usiku ule. Kwa hiyo katika uhakiki wako, Kranz *anasema*. Usiandike kwamba *alisema*.