Mama kijacho unahama na bustani ndo imenoga? Njoo tuongee

Kuna watu watakwambia mboga tu hizo, magenge yamejaa kila kona unahuzunika nini, wasikukatishe tamaa kabisa. Mtu aliyeamka alfajiri akamwagilia, akapalilia, akala kilichotoka mkononi mwake, anajua anachoacha, na ukiwa na mimba ndo kinauma zaidi maana hiyo mboga ulikua unaila wewe na mtoto na ulikua unajua imekulia maji gani na imepigwa dawa gani.

Mi nilihama Goba kuja Kijitonyama, hapa hapa Dar, tumbo limeshakua kubwa, masika ndo imekolea, na nyuma ya nyumba kule nilikua na matembele, mchicha, bamia, nyanya chungu, mihogo ya kisamvu, mchaichai, migomba pembeni ya bafu la nje na mipapai iliyokua ndo kwanza inabeba. Huku nilikokuja uwanja wote ni pevingi, kuna kaupande tu ka kuweka ndoo na viroba. Kwahiyo ilibidi nichague.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, chagua kwa kuangalia utakua unakula nini ukishajifungua, usichague kwa kuangalia kipi unakipenda. Mgomba naupenda sana lakini kung'oa chipukizi la mgomba ni jembe na mgongo na mimba haitaki hayo mambo, nikauacha. Mpapai ndo usiuguse kabisa, mizizi yake haipendi kusumbuliwa, ukiung'oa mkubwa hivyo unaua tu, we chukua mbegu kwenye papai lililoiva, zikamue ule utelezi, zianike kivulini, ukipanda na ukatunza vizuri ndani ya mwaka hivi unaona matunda. (Na papai lenyewe kula lililoiva tu, bichi lenye utomvu liache mpaka ujifungue.)

Matembele ndo yalikua ya kwanza kwangu. Mboga ya mzazi hiyo, haina gharama, haitaki mbegu, unakata leo wiki ijayo imechipua tena. Kata marando yaliyokomaa kiasi, urefu kama sentimita 30, toa majani mengi ubakize machache ya kwenye ncha ili yasinyauke, funga kwenye kitambaa kibichi au gunia lililoloweshwa, weka kivulini. Yanakaa siku moja mbili bila shida kwahiyo hata kirikuu (kile kigari kidogo cha kubeba mizigo) ikichelewa usihangaike. Ukipanda hakikisha vifundo viwili au vitatu vimezama kwenye udongo, mizizi inatokea hapo hapo. Kisamvu nacho unakata vipande vya mti wa muhogo uliokomaa, sio ile ncha laini ya juu, unavisimamisha kivulini vinakusubiri hata wiki kadhaa. Ila kisamvu mama kijacho kichemshe kiive haswa maana kikiwa kibichi kina sumu, na habari ya kusimama na mchi achana nayo, peleka sokoni wakusagie. Mchaichai gawanya shina, chukua miche michache yenye mizizi, punguza majani, basi. Bamia na mchicha acha baadhi zikauke zikiwa shambani uchukue mbegu, hapo inabidi uanze mapema kidogo kabla ya siku ya kuhama, ndo maana nasema ukishajua tu unahama anza na mbegu kabla hata hujatafuta maboksi ya vyombo.

Kuhusu udongo naomba mnisikilize vizuri. Vaa glavu. Paka wa mtaani wanapenda sana kujisaidia kwenye udongo laini na kinyesi chao kinaweza kua na vimelea vya toksoplazma, ukivipata ukiwa mjamzito vinaweza kumfikia mtoto tumboni na vikamdhuru. Nawa mikono na sabuni kila ukitoka bustanini, osha mboga kwa maji mengi hata kama umeilima mwenyewe, na samadi mbichi mwachie mtu mwingine ashike. Kuinua viroba vya udongo pia sio kazi yako, hata mtu akikwambia wewe una nguvu. Mi mume wangu na vijana wa gari ndo walibeba, mi nilikaa kwenye kiti naelekeza, na kadi ya kliniki ilikua kwenye mkoba wangu wala haikupanda kirikuu.

Sasa bustani yenyewe unamwachia nani? Hapa ndo wengi wanaacha tu wanasema mpangaji ajaye ataikuta. Nyumba inaweza kukaa wazi miezi, na mwenye nyumba akitaka kupaka rangi upya anafyekesha kila kitu. Tafuta mtu mwenye mikono. Mi nilimfata dada wa genge la pale mtaani ambae nilikua namuuzia mchicha ukizidi, nikamwambia dada angu hii bustani ni yako, mwagilia, chuma, uza, hela usinipe. Nikampeleka mwenyewe kwa mwenye nyumba tukaongea watatu akakubali aingie mpaka mpangaji apatikane. Nilimwonyesha tuta gani limepandwa lini na wapi napiga maji ya majivu wadudu wakija. Ile kumwonyesha ilinisaidia kuliko kitu chochote, nililia kidogo mbele yake na hakunishangaa, alinishika mkono tukaendelea.

Kwenye nyumba mpya uliza maji kabla hujalipa kodi. Visima vingi vya huku mjini vina chumvi na mboga inaungua pembeni ya majani, mi namwagilia maji ya bomba ya DAWASA yakitoka, ya kisima natumia kufua. Viroba vitoboe chini, na visahani vyenye maji usiviache vikae maana mbu wanazaliana humo na malaria kwa mjamzito ni hatari kubwa. Uliza pia kama mwenye nyumba anaruhusu, wengine hawataki kabisa udongo kwenye pevingi zao.

Na usianzishe bustani nzima upya. Viroba vichache vya matembele, ndoo ya mchicha, mchaichai, inatosha, bamia itasubiri. Mi nilihesabu nikapanda matembele mapema ili ndani ya arobaini yawe yanachumika, na mama alipokuja kunitunza nilimwonyesha tu, mama chuma ncha using'oe shina, mwagilia jioni jua likishuka. Alikua anatoka na kibakuli anachuma ya siku ile, anapika na nazi, mi nanyonyesha.