Nimeoga janaba, kisha nikaona matone: je, nirudie kuoga?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nimeoa miezi minne iliyopita. Usiku nikishakutana na mke wangu naoga janaba, nasali Alfajiri, lakini asubuhi nikienda kukojoa naona matone meupe. Naoga tena, siku nyingine hadi mara tatu. Mke wangu naye anasema yanamtoka majimaji baada ya kuoga. Je, swala zetu zinasihi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alfajiri uliyoisali imesihi, usiilipe. Ulisali ukiwa na tohara, na kinachotoka baadaye hakirudi nyuma kuiharibu. Limebaki suala la matone yenyewe, na hilo halifahamiki bila kujua yanakotoka.

Mwanamume ana mrija mmoja tu wa mkojo na manii. Mbegu hutengenezwa katika korodani, zilizoning'inizwa nje ya mwili kwa sababu mbegu hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Lakini mbegu ni sehemu ndogo sana ya manii. Maji mengi hutoka katika vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu, na mengine katika tezi dume. Vyote huingia katika mrija ule mmoja na kutoka kwa kuchupa, kwa kawaida mililita 2 hadi 5, yaani kijiko cha chai au pungufu. Hayatoki yote. Mabaki hukaa mrijani mpaka mkojo wa kwanza uyasukume.

Ndiyo maana wanachuoni wetu wa Kishafii wanahimiza mtu akojoe kabla ya kuoga janaba. Kwa madhehebu haya, manii yakitoka baada ya kuoga, hata bila matamanio, josho linarudiwa. Mahanafi, watu wa madhehebu ya Hanafi, wanasema ukiwa ulikojoa kwanza, yatokayo baadaye bila matamanio yanatosha udhu. Basi anza hapo: baada ya tendo ngoja kidogo, kojoa, stanji (jisafishe sehemu za siri kwa maji), kisha oga. Usikamue wala usichungulie kwa tochi. Kukamua sana huuchubua mrija, nao ukichubuka hutoa ute zaidi, na wasiwasi unaongezeka.

Si kila tone ni manii. Madhii ni maji mepesi ya kunata, yasiyo na rangi, yatokayo kwa kuchezeana au kuwaza, bila kuchupa; hutoka katika vijitezi viwili vidogo kama punje za choroko chini ya tezi dume. Sayyidna Ali (r.a.) yalikuwa yakimtoka kwa wingi, akaona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) kwa kuwa alikuwa mkwewe, akamtuma sahaba mwenzake Miqdad; jibu likawa aoshe dhakari yake na atawadhe. Wadii ni meupe, mazito, yaliyochafuka, hufuata mkojo au kunyanyua kitu kizito; hukumu yake ni kama ya mkojo. Manii hutambulika kwa moja kati ya alama tatu: kuchupa, ladha (yaani raha yanapotoka), au harufu ya unga uliokandwa yakiwa mabichi na ya ute wa yai yakikauka. Alama moja inatosha. Ukikosa zote, si manii. Na ukishuku kweli usijue ni lipi, Mashafii wanakupa hiari: uyahesabu manii uoge, au uyahesabu wadii uoshe palipoguswa na utawadhe. Wewe mwenye wasiwasi chagua la pili.

Kwa mkeo mambo ni tofauti, maana njia yake ya mkojo si ile ya uzazi. Kukojoa hakumtoi kilicho ndani. Manii ya mume huganda kwanza, kisha baada ya dakika 15 hadi 30 huyeyuka na kuteremka. Akiharakisha kuoga, yatamtoka akiwa amevaa kanga ya kusalia. Asubiri nusu saa, asimame, achutame, ndipo aoge. Yakimtoka baada ya josho, na wakati wa tendo alikuwa amefikia kilele cha raha, anarudia kuoga, kwa kuwa dhana kubwa ni kwamba yake yamechanganyika humo. Kama hakufikia, au alikuwa amelala, anastanji na kutawadha tu.

Kuna na ute wa shingo ya kizazi, usiohusiana na tendo. Kati ya hedhi na hedhi, karibu siku 14 kabla ya hedhi ijayo, yai linapotoka kwenye ovari, ute huo huwa mwingi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai la kuku. Huo hauna josho, bali udhu.

Asioshe ndani. Fiqhi inamtaka aoshe kinachoonekana akichutama, basi. Ukeni mna asidi inayozuia vijidudu, na sabuni, shabu au ndimu huvuruga hali hiyo, ndipo maambukizi huingia.

Ute wake ukigeuka kama maziwa mgando na kuwasha, au ukanuka kama shombo la samaki, aende hospitali. Na wewe ukiona usaha wa manjano au kijani, damu, au ukahisi moto ukikojoa, hilo si swali la sheikh. Nendeni wote wawili mkapimwe, maana akitibiwa mmoja, mwenzake humrudishia.

Wallahu a'lam.