Wimbo wa taifa tunao, ngoma iko London

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, ukoloni bado unasikika katika muziki wa Afrika?" Najua wapo watakaotaja gitaa, tarumbeta na kwaya za misheni. Mimi nitaanza na utando wa buibui.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mzee mmoja wa Kigogo kwenda studio kurekodi ilimba. Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Usoni pake pana tundu, na juu ya tundu hubandikwa ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, mgumu kama karatasi nyembamba. Ukigusa ulimi wa chuma, utando nao unatetemeka, na kila noti inatoka na mvumo wake, kama nyuki ndani ya mzinga. Asubuhi ile mzee aliubandika kwa kuulowesha mate, akapiga noti moja, akatega sikio, akaubandua, akaubandika upya. Alifanya hivyo mara nne mpaka akaridhika.

Prodyuza alisikiliza dakika moja tu, akasimamisha. "Mzee wangu, kuna kelele kwenye chombo. Tuondoe hicho kitu."

"Mjukuu wangu," mzee akasema, "hiyo ndiyo sauti yenyewe."

Utando ukatolewa. Halafu kijana akafungua programu ya kupimia sauti, akaonyesha kwenye kioo kwamba noti mojawapo iko chini, imetoka tuni. Mzee akachomoa kinyundo mfukoni, akaugonga ule ulimi taratibu, akaugonga tena, mpaka alama ya kijani ikawaka. Kila mtu akafurahi. Wakati wa kuimba ulipofika, mzee alipiga ilimba yake kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kufungua kinywa. Tulipomuuliza, alisema hapati pa kuingilia.

Nimekifikiria kimya kile kwa muda mrefu. Simlaumu kijana, kwa maana alifanya alivyofundishwa, na programu yake inajua mizani moja tu, ile ya piano, inayogawa oktavu, yaani nafasi kati ya noti na ileile inaporudi juu zaidi, vipande 12 vilivyo sawa. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya milio inayozaliwa yenyewe ndani ya mlio mmoja, na mmojawapo wa milio hiyo kwa asili hukaa chini kidogo ya noti ya piano. Kwa hiyo noti "iliyosahihishwa" siku ile ndiyo iliyokuwa sahihi. Amadinda ya Baganda, ala ya mbao inayopigwa kwa vijiti, nayo hugawa oktavu vipande vitano vinavyokaribia kulingana. Ipime kwa programu ileile, itakuambia amadinda nzima ni mbovu. Hapo ndipo ninapousikia ukoloni: katika kipimo ambacho hakuna aliyekitangaza, lakini kila mtu anakitii.

Kipimo hicho kina historia, na kuna watu walioumizwa nacho wazi kabisa. Ephraim Amu alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha kanisa huko Akropong, Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Aligundua jambo ambalo mmisionari hakulisikia: katika Kitwi, neno hubadilika maana kwa sauti kupanda au kushuka, hivyo ukichukua tuni ya Kizungu na kuitilia maneno ya Kitwi, tuni inayavuruga maneno. Basi akaanza kutunga nyimbo zinazofuata mwendo wa lugha yenyewe, akaleta ngoma na filimbi za kwao, akapanda mimbarini amevaa vazi la kienyeji. Mwaka 1933 akaachishwa kazi. Nyimbo zake zinaimbwa Ghana mpaka leo, na hilo linanifurahisha sana, lakini tujiulize ni walimu wangapi walioona yaliyompata Amu wakaamua kunyamaza.

Kuhusu vyombo vyenyewe, sikubaliani na wanaosema gitaa na tarumbeta ni minyororo. Angalieni beni. Katika miaka ya 1890 vijana wa Pwani ya Kenya walilitazama gwaride la kijeshi na bendi yake, wakalichukua na kulifanya mchezo wao, lenye vyeo, sare, mashindano na nyimbo za mafumbo. Likashuka hadi Tanganyika, ambako miji iligawanyika kati ya vyama viwili vya beni, Marini na Arinoti, na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakalisambaza mbali zaidi. Wakoloni walilitilia shaka. Wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walipogoma mwaka 1935, chama cha ngoma ya Mbeni, yaani beni ya huko, kilikuwa miongoni mwa walioshukiwa. Kaskazini mwa Malawi ngoma ya jamaa hiyo inaitwa malipenga. Wachezaji wanajipanga mistari kama askari, ila "tarumbeta" zao ni vibuyu, na kwenye kibuyu wamebandika nini? Utando wa buibui. Walilichukua gwaride la mkoloni wakalitia mvumo wao, ule ule ambao studio yetu, katika nchi huru, iliuita kelele.

Tatizo ni umiliki. Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa Johannesburg, alirekodi "Mbube" na kundi lake mwaka 1939 katika studio ya Gallo. Haki za wimbo ule zilimtoka kwa shilingi 10. Marekani neno "uyimbube", yaani wewe ni simba, likasikiwa vibaya likawa "Wimoweh", na mwaka 1961 tuni ikavishwa maneno ya Kiingereza ikazunguka dunia nzima. Linda alikufa 1962, maskini. Mwaka 2004 warithi wake walifungua kesi kwa kutumia sheria ya hakimiliki ya Dola ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa na kifungu cha kurudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Mwaka 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa. Nafurahi walilipwa. Lakini ilibidi watoto wa mtunzi Mwafrika, miaka kumi baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, wakaitafute haki yao katika sheria ya dola iliyowatawala babu zao.

Na sasa ngoma yenyewe. Mwaka 1963 kamati ya watu watano ilipotengeneza wimbo wa taifa wa Kenya, tuni waliyoichagua ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Kila anayesimama wima kuimba "Ee Mungu nguvu yetu" anaimba sauti ya mama wa Kipokomo kando ya Mto Tana. Wapokomo haohao walikuwa na ngoma yao takatifu, ngadji. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mpaka naandika haya imo katika ghala la British Museum, London. Haipo hata kwenye maonyesho. Imewekwa tu. Vizazi vya Wapokomo vimezaliwa na kuzikwa bila kuisikia ikilia.

Wenzetu wa Ivory Coast walipigania ngoma yao, Djidji Ayôkwé, gogo la zaidi ya mita tatu na uzito wa kilo 430, ambalo Wafaransa walilitwaa mwaka 1916. Ngoma ile ilikuwa ikisema, ikiwaonya wanakijiji kwamba wanakuja wa kukamata watu kwa kazi za kulazimishwa. Ndiyo maana ilichukuliwa. Julai 2025 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kuirudisha. Kwa hiyo inawezekana. Na kwa kanda za sauti ni rahisi zaidi: nyimbo alizorekodi Klaus Wachsmann nchini Uganda katika miaka ya 1940 na 1950 zilikaa London, na sasa nakala zake zipo Makerere, ambako mwanafunzi anaweza kumsikia mpigaji wa zamani na kujua mizani yake ilikuwaje kabla ya programu kumfikia.

Siku ile tulipotoka studio, mzee aliketi kwenye ngazi za nje, akakitoa tena kinyundo. Akaugonga ulimi kwa upande wa pili mpaka ukarudi ulipokuwa. Utando wa kwanza ulikuwa umechanika, akatoa mwingine kutoka kwenye kibati cha ugoro, akaulowesha, akaubandika. Safari hii aliimba, nami nikamrekodi kwa simu, pikipiki zikipita nyuma yake. Tuliporudi nikampa mjukuu wake rekodi ile, na kwangu nikaifuta. Anayeitaka inambidi aende akamwombe yeye.