Mkate wa nyama ya bata mzinga, kwa mkono wa kababu

Mara ya kwanza kuoka mkate wa nyama ya bata mzinga niliupeleka kazini, siku ambayo kila mmoja alitakiwa aje na chakula. Ulikuwa na rangi nzuri, nimeukata vipande vinene kama keki. Saa saba mchana nikapita karibu na meza nikaukuta karibu mzima, vimetoka vipande viwili tu. Kimoja kilikuwa kwenye sahani ya mwenzangu, kimezama kwenye tomato sosi hata hakionekani. Akanitabasamia kwa adabu. Nikajua.

Naishi Columbus, Ohio, na huku mkate wa nyama ni chakula cha nyumbani kabisa. Nyama ya kusaga inachanganywa na mayai na chenga za mkate, inaumbwa kama boflo, inaokwa, inaliwa na viazi vya kuponda. Jina halikunishangaza. Sisi watu wa pwani tuna mkate wa kumimina ambao ni wa mchele, tuna wa mofa, tuna mkate wa mayai ambao ni keki tupu, kwa hiyo wa nyama nao ukaribie. Shida ilikuwa nyama gani. Pakiti ambazo maduka ya hapa huzichanganya mahususi kwa chakula hiki mara nyingi huwa na ng'ombe, ndama na nguruwe, na hizo nazipita. Ng'ombe wa halali anapatikana, maana mji huu una Wasomali wengi na mabucha yao hayako mbali, lakini mume wangu ameambiwa na daktari apunguze nyama nyekundu. Tukabaki na bata mzinga.

Bata mzinga wa kusaga hana mafuta, na ladha yake ni ya kuazima. Ng'ombe wa kusaga wa kawaida huku ana mafuta asilimia 20, yakiyeyuka ndani ya mkate yanaulainisha bila wewe kufanya kitu. Pakiti ya bata mzinga utakayoikuta kila duka ina asilimia 7, na ile ya kidari kitupu ina asilimia 1. Hiyo ya asilimia 1 iache hapo hapo kwenye friji la duka, hata kama karatasi yake imejaa maneno ya afya. Nimeijaribu mara mbili, na mara zote mbili watoto waliniuliza kama ni samaki. Ukipata yenye asilimia 15, ambayo imesagwa na nyama ya paja, chukua hiyo na umshukuru Mungu.

Baada ya ile aibu ya kazini nilipiga simu nyumbani Unguja. Mama yangu hajawahi kukiona chakula hiki, lakini amekaanga kababu tangu sijazaliwa. Baada ya shikamoo na habari za wote, nikamweleza.

"Umetia mkate?" akaniuliza.

"Nimetia chenga za mkate, mama. Zile za pakiti."

"Kavu?"

"Kavu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mwanangu, kitu kikavu umekitia kwenye nyama kavu, hayo maji yatatoka wapi?"

Na ndivyo ilivyo. Nyama ikipata moto inajikaza na kukamua maji yake nje. Chenga kavu nazo zinakuja na kiu yake, zinagombea maji hayo hayo machache. Lakini mkate ulioloweshwa kabla unaingia umeshashiba, unayashika maji yake, na unakaa katikati ya nyama usiiache ishikane ikawa kitu kimoja kigumu. Mama huloweka slesi za boflo kwenye maji, anazikamua kidogo kwa kiganja, anazivuruga kwenye nyama ya kababu. Mimi natumia maziwa badala ya maji na sikamui. Kwa nyama ratili 2, ambayo ni kama gramu 900, naweka slesi 3 za mkate mweupe zilizotolewa maganda na nusu kikombe cha maziwa. Naziacha dakika kumi, kisha naziponda kwa uma mpaka ziwe uji mzito. Usiione aibu ile sura yake.

Kitu cha pili ni uyoga, na hapa mama hayumo, hili nimeokota huku huku. Nachukua uyoga kama gramu 225, naukatakata mpaka uwe mdogo kama nyama ya kusaga yenyewe, naukaanga kwenye siagi pamoja na kitunguu maji kimoja na thomu punje nne. Mwanzoni uyoga unatoa maji mengi, vumilia. Maji yakikauka na sufuria ikianza kushika rangi chini, tia kijiko cha tomato ya kopo na kijiko cha sosi ya soya, ukwangue ile rangi yote. Watoto wangu hawali uyoga. Huu wanaula na hawajui, na naomba ibaki hivyo. Unaleta unyevu, na ile ladha nzito ya nyama ambayo bata mzinga hakujaliwa. Uache upoe kabisa kabla ya kuchanganya, la sivyo utayapika mayai kwenye bakuli.

Viungo ni vyako. Wamarekani wengi wanaishia kwenye chumvi, pilipili manga na majani makavu. Mimi naweka kijiko kidogo cha uzile uliokaangwa na kusagwa, ndiyo bizari nyembamba kwa watu wa bara, kotmiri mkono mmoja, pilipili manga ya kutosha, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, mayai mawili.

Halafu kuchanganya. Hapa ndipo mkono wetu wa chapati unapotuponza. Tumezoea kukanda mpaka kitu kitii. Nyama ya kusaga yenye chumvi ukiikanda hivyo inanatana, inavutana kama soseji, na ikiiva unapata mpira. Changanya kwanza vitu vyote vingine na ule mkate uliolowa, nyama iingie mwisho, uitie vidole vilivyoachana kama unachambua mchele. Ukiona haina tena sehemu nyeupe na sehemu nyekundu, toa mkono. Kaanga kidonge kimoja kidogo uonje chumvi, kwa sababu ukishaoka huna pa kurekebishia.

Usiushindilie kwenye chombo cha kuokea mkate. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Maji yanayotoka hayana pa kwenda, kwa hiyo pembeni unachemka badala ya kuokwa, na sosi inashika juu tu. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei, umba mkate kwa mikono iliyolowa maji, upana wa kiganja na kimo cha vidole vitatu hivi. Unapata gamba pande tatu na unaiva upesi zaidi. Oveni nyuzi 350 za Farenhaiti, karibu 175 za Selsiasi.

Sosi ya juu, wenyewe wanachanganya tomato sosi, sukari ya kahawia na siki. Mimi siki nimeitoa nikaweka ukwaju mzito, vijiko viwili kwa nusu kikombe cha tomato sosi, na pilipili mbichi moja iliyopondwa. Ukwaju utaukuta kwenye maduka ya Wahindi na ya Wameksiko. Paka mara ya kwanza mkate ukiwa nusu safari, mara ya pili zikibaki dakika kumi. Ukipaka tangu mwanzo sukari inaungua.

Sasa jambo ambalo sikubali kubishana nalo: nunua kipimajoto cha nyama, kile cha sindano. Kuku na bata mzinga wa kusaga wanatakiwa kufika nyuzi 165 katikati, yaani 74 za Selsiasi. Rangi haikusaidii, maana nyama hii inaweza kubaki na uwekundu ikiwa imeshaiva, na inaweza kupauka kabla haijaiva. Zamani kwa hofu nilikuwa naongeza dakika ishirini "za usalama", na ni hizo dakika ishirini zilizonikaushia mkate, pengine kuliko chenga kavu. Siku hizi naanza kuchoma sindano dakika ya 45. Mara nyingi unafika kabla ya saa nzima. Ukisoma 165, toa, acha utulie dakika kumi bila kuukata, hata kama watu wamekaa na sahani.

Kwa walio nyumbani ambako bata mzinga wa kusaga ni shida kumpata, msagishe kuku, paja na kidari pamoja, na maelezo ni haya haya. Oveni kama haipo, anayejua kuoka mkate wa kumimina kwa makaa juu na chini hahitaji mimi nimfundishe. Ila hapo utahitaji sufuria, kwa hiyo gawa nyama upate mikate miwili midogo isiyobanana.

Kinachobaki weka kwenye friji, kinakaa siku tatu. Asubuhi nakata kipande chembamba, nakikaanga upande mmoja tu kwenye kikaango chenye siagi mpaka ule ukwaju ushike rangi, nakibana kwenye mkate na kachumbari. Kazini napeleka hicho siku hizi. Yule mwenzangu wa tomato sosi juzi aliniomba nusu, akala akiwa amesimama.