Asesheni Yako Itasema Nini Siku Jaribio Likifeli?

Msomaji ametuletea swali: majaribio yote ya msimbo wake yanapita, lakini wateja bado wanatozwa bei isiyo sahihi. Kwenye msimbo alioambatisha, kosa liko katika asesheni, yaani ule mstari unaotamka jibu linalotarajiwa. Ameandika assertNotNull(jumla). Mstari huo unauliza tu kama kuna kitu kimerudi. Sifuri itapita, namba hasi itapita, hata bei ambayo haikupunguzwa itapita.

Kanuni anayoijaribu ni hii: ununuzi wa 1,000 au zaidi hupunguzwa asilimia 10. Basi kwa bei ya 1,000 asesheni iseme assertEquals(900, jumla). Hiyo 900 ipigie hesabu pembeni, uiandike kama namba. Wengi huweka bei - bei * 10 / 100 ndani ya jaribio, wakaiga fomula ileile inayojaribiwa. Ikiwa fomula ina kosa, pande zote mbili zinakosea pamoja na jaribio linapita. Chagua pia thamani zenye kazi. Kwa 500 na 5,000 pekee huwezi kugundua kwamba > (zaidi ya) imewekwa mahali pa >= (sawa na au zaidi ya). Kinachofichua kosa hilo ni 1,000 yenyewe, na jirani yake 999 inalinda upande wa pili.

Halafu fikiria atakayesoma ripoti jaribio likifeli. assertTrue(jumla == 900) itamwambia tu kwamba ilitarajiwa true ikaja false. assertEquals itamwonyesha 900 na 1000, na hapo ameshajua punguzo halikufanyika. Katika JUnit, zana ya majaribio ya Java, thamani inayotarajiwa hutangulia. Ukizigeuza, jaribio bado litafeli inavyopasa, lakini ripoti itamtuma kutafuta kosa kusikokuwa na kosa. Kwa pytest, zana ya majaribio ya Python, assert jumla == 900 inatosha, maana pytest yenyewe huonyesha thamani zote mbili. Usizungushie mabano, tafadhali! assert (jumla == 900, "punguzo") ni jozi yenye vitu viwili, na jozi isiyo tupu daima ni kweli.

Namba za desimali zina mtego wake: 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Weka kiwango cha tofauti unachokubali, kama assertEquals(0.3, jibu, 0.000001), au tumia pytest.approx. Fedha ni afadhali zihesabiwe kwa namba kamili tangu mwanzo.

Ukijaribu hitilafu kwa assertThrows, yaani asesheni inayodai kwamba hitilafu fulani itarushwa, weka ndani yake mstari mmoja tu, ule unaopaswa kurusha hitilafu. Maandalizi yakiingia humo, yakarusha hitilafu ya aina hiyohiyo, jaribio litapita na funksheni yako haijaguswa kabisa. Kwa Jest, zana ya majaribio ya JavaScript, expect(...).rejects bila await (neno linaloamuru kusubiri jibu) huweza kuacha jaribio liishe kabla asesheni haijakaguliwa.

Asesheni kadhaa katika jaribio moja hazina ubaya zikihusu tabia moja. Ila ya kwanza ikifeli, zinazofuata hazikaguliwi. Katika JUnit 5, assertAll huzipitia zote.

Ukimaliza, haribu msimbo kwa makusudi. Badili >= iwe >, endesha majaribio, uone kama la 1,000 linafeli. Likiendelea kupita, irudie asesheni. Likifeli, soma ripoti yake kana kwamba hujawahi kuuona msimbo huo, kisha urudishe >= kabla ya kukomiti, yaani kuhifadhi rasmi mabadiliko ya msimbo.