Maswali ya Wasomaji: Lenana kwa Siku Tatu?

SWALI: Tuko wanne, wote wakimbiaji. Tuna likizo ya siku tatu na tunataka kufika Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya kinachopandwa kwa miguu. Wengine wanatuambia tupite Naro Moru kwa kuwa ni fupi, wengine Sirimon. Tupite wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ukimbiaji wenu hautawafaa sana huko. Kinachowashinda watu Mlima Kenya ni hewa nyepesi, na mwili huizoea kwa kulala juu tu. Naro Moru ni fupi kweli: usiku wa kwanza Met Station (mita 3,050), wa pili Mackinder's (4,200), kisha kileleni, 4,985. Katikati kuna kinamasi cha mwinuko mkali. Mvua ikinyesha hapo, kila hatua ni kuchomoa kiatu topeni. Sirimon, kupitia Nanyuki, ni kavu zaidi na hupanda polepole: Old Moses (3,300), kisha Shipton's (4,200). Piteni hii. Ila msidanganyike, kwa njia zote mbili mnaruka karibu mita elfu moja baina ya malazi. Ombeni siku ya nne kazini. Laleni Old Moses mara mbili. Mchana wa katikati pandeni hadi mita 3,700 hivi, mpumzike, mrudi.

Siku ya kilele tokeni Shipton's saa tisa usiku. Changarawe iliyoganda kwa baridi hukanyagika. Jua likiipiga, huporomoka chini ya mguu, na mawingu nayo hayachelewi. Chupa ya maji iwe ndani ya koti, la sivyo mtabeba barafu.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Lakini anayetapika mfululizo, anayepepesuka, au anayehema hata akiwa ameketi, ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane, na asiachwe ashuke peke yake.

SWALI: Je, Mlima Elgon unatosha kuwa mazoezi ya Lenana? – Msomaji, Bungoma

JIBU: Ukilala huko, ndiyo. Wengi huingia lango la Chorlim, upande wa Kitale, gari huwafikisha juu kadiri tope litakavyoruhusu, wakatembea hadi Koitobos (mita 4,222) na kushuka siku hiyo hiyo. Matembezi mazuri, lakini mwili haujazoea chochote. Beba hema, lala karibu na Koroborte usiku mbili, kisha nenda Mlima Kenya kabla wiki haijaisha. Mazoea hayo hupotea upesi. Ukiitamani Wagagai (4,321), kilele kirefu kuliko vyote vya Elgon, kumbuka iko Uganda: ruhusa ya kuvuka itafutwe mapema.